Lebo ya Kitanda cha Kumi na Mbili

Shangazi ndiye aliyenilea, kwa viboko na kwa mapenzi. Alipolazwa katika hospitali ninayoitengenezea programu, nilijiapiza kwamba hakuna kompyuta itakayomchezea.

Kila asubuhi programu yetu huandika programu nyingine ndogo ndogo, moja kwa kila mgonjwa, za kupanga dawa. Hazina faili, zinakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu, ukizima zimepotea. Kila moja ina lebo: jina, kitanda, kuingia, kutoka. Ya shangazi, kitanda cha kumi na mbili, ikagoma. Programu naiona, nikiuliza lebo najibiwa "haipo". Bila lebo, kadi ya dawa haichapishwi.

Nilihangaika siku mbili. Kumbe tulikuwa tunauliza lebo kabla programu haijafungwa, yaani kukamilishwa, na isiyofungwa haisomeki. Ni kama kumuuliza mtoto jina akiwa bado tumboni. Kwa nini yake tu, sikujua. Nikaifunga kwa amri moja, lebo ikatokea.

Kutoka: leo, saa nne na dakika kumi.

Kwa wagonjwa wengine wote pale pako wazi mpaka daktari ajaze. Nikampigia muuguzi.

"Shangazi yako? Mzima, anatutania hapa. Ila ameanza kuvaa viatu. Anasema anasubiriwa."

Ilikuwa saa nne na dakika nane. Nikachomoa waya wa kompyuta kuu.

Muuguzi alikuwa bado kwenye simu. "Haya, amevivua. Analalamika umemchelewesha."

"Nani amemchelewesha?"

"Wewe. Amekutaja wewe."

Tangu siku hiyo kila asubuhi naiacha programu ya shangazi bila kuifunga, na muuguzi anaandika kadi kwa mkono. Mkuu wangu akiuliza nitarekebisha lini, namwambia kesho. Mwezi mzima nimekuwa mtu wa kesho, wala sikuona aibu.

Leo nimemkuta mkuu kwenye kiti changu, meno yote nje. "Mvivu wewe! Nimeifunga mwenyewe. Kazi ya dakika mbili, unaizungusha mwezi."

Nikasoma lebo kwenye kioo cha kompyuta. Kutoka: leo, saa tatu kamili. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika moja.

Simu kutoka wodini ikaanza kuita. Sikuipokea. Nilikuwa nasikia viatu vya shangazi koridoni, vikipita mlangoni kwangu bila kusimama.