Jiko la Nyumba ya Maombi

Mtu akinisifia mahali ambapo watoto hawalii, naanza kuuliza maswali. Mwinjilisti Théodore aliisifia nyumba yake ya maombi mara tatu, ameketi sebuleni kwetu Awindiri, na mara zote tatu mume wangu Lino akaitikia kwa kichwa.

"Kule Koboko wanatulia, mama. Wiki tatu tu. Pepo akishatoka, mutoto anasema kama watu."

"Wanakula nini?"

"Uji. Asubuhi na jioni."

Alijibu upesi mno. Mimi nilisomea diploma ya ualimu, somo langu mapishi na utunzaji wa nyumba, na nimewauliza wasichana wengi kama wameosha sufuria. Najua jibu lililowekwa tayari mdomoni.

Ilikuwa mwaka 1975, miaka ya serikali ya kijeshi. Binti yetu Ayikoru alikuwa na miaka saba. Alipanga maharage kwa rangi, hakula mchuzi uliogusana na ugali, na ukimwuliza swali alikurudishia swali lilelile kwa sauti yako mwenyewe. "Unataka maji?" "Unataka maji?" Angeweza kufa kwa kiu mkiulizana hivyo. Ilinichukua miaka miwili kujua namna yake: usimwulize. Anza sentensi, acha mwisho wake wazi, kisha ngoja. "Ayikoru anataka..." Utangoja mpaka uchoke, halafu atasema, "Maji." Daktari mmoja alimpima masikio, akasema ni mazima, na kwamba jina la hali yenyewe hajui. Nilimheshimu kwa kusema hajui.

Lino hakuwa na subira hiyo. Si mtu mbaya. Alikuwa karani wa tumbaku, hanywi, hapigi. Lakini tangu tumzike mama yake, hofu moja ilimkaa kifuani. Kanisani tulifundishwa kwamba mtu huokoka kwa kukiri kwa kinywa chake.

"Siku ile ya hukumu tutaitwa," aliniambia. "Mimi nitaingia, wewe utaingia. Yeye ataulizwa, naye atarudisha swali. Mama Ayikoru, nitafanya nini huko mbinguni na mtoto wangu yuko nje?"

Alilia. Kilio hicho kilinishinda. Tukakubaliana hivi: nitampeleka mwenyewe. Nikiridhika na nyumba ile, nitamwacha huko wiki tatu. Nisiporidhika, nitarudi naye.

"Utaridhika," alisema Lino. Alinipa kilo tano za unga wa wimbi kwa chakula cha mtoto. Nikaona kwamba alikuwa amekwisha kukunja na kuorodhesha kwenye karatasi nguo za Ayikoru, zote, hata zile za baridi. Kwa wiki tatu?

Jirani yetu Sadiya, Mnubi, alikuwa barazani kwake akisuka kawa la kufunikia chakula. Aliona mzigo.

"Mwalimu! Wewe nakwenda wapi na unga yote hiyo?"

Nikamwambia.

Akaacha kusuka. "Hiyo nyumba mimi najua. Dada yangu Kaltumu iko jirani. Anasema pale hakuna moshi."

"Moshi gani?"

"Moshi ya jiko, mwalimu! Watu iko ndani, moshi hakuna. Ama nyinyi Wakristo napika na maombi?" Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Angalia jiko kwanza. Mengine baadaye."

Tulipanda lori la chumvi. Ayikoru alishika kifuniko chake cha kopo la maziwa njia nzima na kukizungusha juani. Kwenye kizuizi askari mmoja alimwuliza, "Unakwenda wapi?" Akajibu, "Unakwenda wapi?" kwa sauti nzito ya askari yule yule. Watu wote juu ya lori wakatazama miguu yao. Nilisema haraka, "Ni mgonjwa, afande." Askari alitukagua sana, kisha akatupungia mkono tupite. Mwanamke mmoja akanisogelea sikioni: "Mama, funga huyu mdomo, atatuua." Kila mtu alitaka kumfanya kitu mtoto yule. Wengine aseme, wengine anyamaze.

Nyumba ya maombi haikuwa na kibao. Madhehebu madogo yalikuwa yamepigwa marufuku, kwa hiyo kukosa kibao hakukunishtua. Kilichonishtua ni kuni. Zilipangwa vizuri ukutani, na mchwa walikuwa wamejenga juu yake.

Mlezi wa nyumba, Monique, Mkongo mwembamba wa umri wangu, alitupokea kwa mikono miwili. Théodore, alisema, amevuka mpaka, atarudi Jumapili. Chumbani kulikuwa na watoto watatu juu ya mikeka. Kweli walikuwa kimya. Nimefundisha mwaka wa ukame; najua kutofautisha mtoto aliyetulia na mtoto asiye na nguvu za kulia.

Monique alipiga magoti mbele ya Ayikoru. "Jina lako nani?"

"Jina lako nani?" alijibu Ayikoru.

Monique alishika kifua. "Unasikia, mama? Anakataa kusema jina. Pepo wa namna hiyo anauliza wewe kwanza."

"Mimi pia ananiuliza kila siku. Ananiuliza kama nimekojoa."

Hakucheka.

"Jikoni ni wapi?" nikasema.

"Jikoni? Kwanza tuombe."

"Tutaomba. Nionyeshe jiko."

Lilikuwa nyuma ya nyumba. Nilitia mkono kwenye majivu. Baridi, na yameganda kwa mvua iliyovuja. Sufuria ilikuwa imefudikizwa. Nilipoigeuza, buibui akatoka.

"Uji wa asubuhi mmepikia wapi?"

 Sura ya Monique haikuwa ya mwizi aliyekamatwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi, huyu sikumwelewa.

"Ni mufungo," alisema. "Pepo anakula chakula ya mutoto. Ukinyima yeye, anatoka."

"Théodore aliniambia uji."

"Wazazi hawana nguvu. Akiwaambia kweli, hawaleti." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa moto. "Sikia, mama. Mimi si mutu mubaya. Mwanangu Basile alikuwa hivi hivi. Anazunguka, anapiga kichwa, hasemi. Sasa anasema! Kule juu anaimba, ninasikia yeye kabisa."

"Kule juu." Nilitoa mkono wangu mkononi mwake. "Alikwenda lini?"

"Siku ya kumi na moja."

"Ya mwezi gani?"

"Ya mufungo."

Alisema hivyo akitabasamu, machozi yakimtiririka. Nikaelewa kwa nini alikaa katika nyumba ile bila kulipwa chochote. Kama mfungo haukuwa dawa, basi alikuwa amefanya nini na mtoto wake? Kila mtoto aliyeletwa pale ilibidi apone, au aende akaimbe na Basile.

Nilimwonea huruma, lakini si kiasi cha kuacha nilichokuwa nikifanya. Nilifungua unga.

"Unafanya nini?"

"Napika."

"Unavunja mufungo! Watapotea, mama! Milele!"

"Wakipotea ni juu yangu, mimi Driwaru. Nitajibu mwenyewe. Wewe lete maji."

Alibaki amesimama pale pale. Nikakung'uta mchwa, nikawasha moto kwa karatasi ya orodha ya nguo aliyoandika Lino. Moshi ulipopanda juu ya paa, mtoto mmoja alijikokota hadi mlangoni akakaa akiutazama. Monique alimwona. Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.

Uji niliupika mwepesi, nikawapa kwa kijiko, kidogo kidogo, maana tumbo tupu halipewi bakuli zima. Niliandika majina ya vijiji vya wote watatu, aliyonitajia Monique. Sikwenda kwa askari. Miaka ile, ukiwapelekea askari jina la mtu, huenda mtu huyo asionekane tena. Nilimwendea Kaltumu, dada yake Sadiya, akaahidi kuingia kila siku na sufuria. Kisha nikaandikia walimu wa vijiji vile, kwa mkono wangu na sahihi yangu. Baada ya siku nne watoto wote watatu walikuwa wamechukuliwa na wazazi wao. Monique hakuwazuia. Théodore hakurudi Jumapili, wala Jumapili nyingine.

Lakini jioni ile ya safari, tuliporudi nyumbani, Lino alitupokea mlangoni. Alimtazama Ayikoru, kisha mimi.

"Hukuridhika."

"Hawawapi chakula mpaka wafe, na wakifa wanasema wamepona."

Nilimweleza yote, la Basile pia. Alikaa chini. Alikuwa amefunika uso kwa mikono, na kutoka mle mikononi akasema lile lile: "Lakini siku ile, mama Ayikoru. Akiulizwa?"

Barabara nzima ya kurudi nilikuwa nimelifikiria jibu la swali hilo, juu ya magunia matupu ya chumvi. "Nani atamwuliza? Mungu? Mimi nilihitaji miaka miwili kujua kwamba mtoto huyu haulizwi, unamwanzia na kungoja. Yeye aliyemwumba hajui? Kama hajui, basi hata wewe usimwamini."

 Lino alivuta kiti mpaka karibu na Ayikoru, aliyekuwa akizungusha kifuniko.

"Ayikoru anataka..." alisema.

Akangoja. Nilihesabu kifuniko kikizunguka mara thelathini na zaidi. Lino hakumharakisha, hakumshika.

"Maji," alisema Ayikoru.

Lino aliinuka akaenda kumletea mwenyewe.

Nilifurahi. Hata hivyo nilifungua zile nguo zilizokunjwa, nikazirudisha kabatini, nikalifunga, na ufunguo nikautia mfukoni mwangu. Muhula mzima, siku ambazo lori lilikwenda Koboko, Ayikoru hakubaki nyumbani na baba yake; alikuja nami shuleni, akakaa nyuma ya darasa na maharage yake.