Maswali Matatu ya Mshika Kamba

Watu wengi wakisikia kazi ya maji machafu hukunja pua, halafu wanaenda zao chooni wala hawajiulizi kinachofuata. Haya, wakunje. Tata Mulumba hakuwahi kuwajali. Miaka ishirini na sita alifanya kazi chini ya mji wa Kolwezi, na alikuwa na daftari la jalada jeusi ambalo wenzake walilicheka mpaka siku walipolihitaji. Sheria za kampuni zilikuwa kwa Kifaransa, tena Kifaransa ambacho hata aliyekiandika sidhani alikielewa. Mulumba akakaa Jumapili baada ya Jumapili akaziandika upya kwa Kiswahili cha watu.

Humo ndani kila kitu kilikuwa na jina na maana yake. Rega: shimo lenye mfuniko wa chuma, mlango wa kushukia. Bushoni: chochote kinachozuia maji kupita. Maji machafu: maji yaliyokwisha kufanya kazi katika nyumba za watu na kutolewa nje. Kisha zikaja sheria. Mfuniko unagongwa mara tatu kabla ya kufunguliwa. Mtu hashuki bila kamba kiunoni na mshika kamba juu. Mvuto mmoja, niko mzima. Mivuto mitatu, nitoe. Mshika kamba haongei na mtu, hata aitwe na mkurugenzi, hata aitwe na mama mkwe.

Sheria ya mwisho ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Hewa ya kule chini huingia kichwani. Mtu anaweza kutoka akicheka, akatembea hatua kumi, akaanguka asiamke. Kwa hiyo aliyetoka anaulizwa maswali matatu: jina lako nani, baba yako nani, kwako ni wapi. Akijibu sawasawa, mshika kamba anasema "Muzima," anafungua fundo, kazi imekwisha. Asipojibu sawasawa analazwa ubavu, anaulizwa tena baadaye, na mshika kamba haondoki mpaka majibu yote yapatikane.

Basi ukaja mwaka wa tisini na tatu. Migodi ilikuwa inakufa, pampu zimenyamaza, na vijana wakasimama barabarani na fimbo kuwatafuta watu wenye asili ya mkoa wa Kasai ili wafukuzwe mkoani Katanga. Na waliuliza nini? Maswali yale yale matatu! Mulumba akajibu alivyozoea: "Mulumba. Mwana wa Tshilombo. Kwangu Kolwezi, kambi ya wafanyakazi, laini ya tano, nyumba ya kumi na ine."

Kofi likamfikia kwenye jibu la tatu. "Muongo! Kwako ni Kasai!"

Kasai yenyewe hajawahi kuiona hata siku moja. Baba yake ndiye aliyeletwa na treni, kijana mbichi, kuja kuchimba shaba. Yeye amezaliwa hapa, akabatizwa hapa, na kitovu chake kiko hapa. Lakini nani alikuwa anasikiliza? Jioni ile ile alikuwa stesheni na mke wake, mama Ngalula, na mjukuu wao Tshiela, mtoto wa miaka minne aliyebaki mikononi mwao tangu mama yake afariki. Walikuwa wamebeba sufuria mbili, blanketi na daftari.

Treni haikuja. Wiki ya kwanza haikuja, ya pili haikuja, na maelfu ya watu walilala juu ya saruji wakinyeshewa mvua ya Machi. Ukungu ulishuka kila asubuhi ukafuta reli, ukafuta mabohari, watu wakabaki wanaelea ndani ya weupe wasijue kama bado wako Kolwezi au wameshaondoka. Mulumba akawa mtu wa usingizi wa nusu-nusu. Akilaza sikio chini alisikia maji ya mji yakitembea chini ya stesheni, na aliyajua: haya ya hospitali, haya ya laini ya tano ambako wanawake wanafua siku ya Jumatatu. Asubuhi moja akasikia yanarudi nyuma.

Siku mbili baadaye uchafu ukafumuka kandokando ya bomba ambalo watu wote walichotea maji ya kunywa. Watoto wakaanza kuhara. Wawili wakazikwa nyuma ya reli, na siku ya nne Tshiela akawa mwepesi mikononi mwa bibi yake, macho yamezama, hata kulia hawezi. Mulumba alijua bushoni iko wapi: kwenye rega ya saba, nyuma ya bohari, hatua thelathini kutoka pale alipoketi. Lakini hakuwa na mshika kamba. Utasema, kwa hali ile, sheria ya nini tena? Kamwambie yeye, kama unathubutu.

Siku hiyo hiyo, saa mbili asubuhi, Banza akatokea kwenye ukungu. Huyu alikuwa Mkatanga, mshika kamba wake wa miaka tisa, mtu aliyekula bukari, ugali wa mama Ngalula, mara zisizo na idadi. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Tata Mulumba. Siku mingi."

"Siku mingi za nani? Zangu ao zako?"

Banza akasogea hatua moja. "Nilikuya juu ya daftari, tata. Baliniweka ku nafasi yako. Mi sikuomba."

"Na hukukatala."

Banza akageuza macho pembeni. Mama Ngalula alikuwa amempa mgongo, na mgongo ule ulimuuma kuliko maneno.

"Daftari utapata," Mulumba akasema. "Lakini leo utanishikia kamba. Rega ya saba. Mutoto anakufa hapa, Banza, umuangalie."

Banza akamwangalia Tshiela, kisha akaitazama barabara. "Bale bavijana bakinikuta na mi namushikia Mukasai kamba, tata, bataniua."

"Sheria inasema nini?"

"Mushika kamba haongee na muntu."

"Basi usiongee."

Banza akavaa kofia yake, akaenda kutafuta kamba.

Waligonga mfuniko mara tatu. Mulumba akashuka na jembe fupi na taa, na mara ile makelele yote ya stesheni yakakatika. Kule chini palikuwa na joto na utulivu, na jamani, ilikuwa kama kurudi nyumbani. Aliinama akaingia kwenye bomba kubwa, maji yakamfika magotini. Akavuta kamba mara moja. Kamba ikamjibu mara moja.

Bushoni ilikuwa godoro. Godoro la maua mekundu, na nyuma yake magunia, mto, gauni la komunio, viatu vya mtoto. Ni vitu vya watu waliofukuzwa. Walioingia katika nyumba zao walichagua vya kuchagua, vilivyobaki wakavitumbukiza kwenye rega. Mulumba alikatakata godoro akilivuta kipande kwa kipande. Hewa ikaanza kumlewesha. Taa ikawa mbili, halafu tatu, na mbele yake akamwona baba yake, mzee Tshilombo, kijana mbichi na begi la mbao, ameshuka kwenye treni leo leo na anauliza njia ya kambi. "Pita hapa, baba," Mulumba akamwambia. "Laini ya tano. Mama anakungojea." Baba yake akatabasamu akapita ndani ya godoro.

Akashtuka. Akavuta kamba mara moja. Hakuna jibu.

Akangoja. Akavuta tena. Kamba ililegea mkononi mwake, imelala juu ya maji. Ameniacha, akawaza, na moyo ukamwuma kuliko siku ya kofi. Kwa nini asimwache? Mji mzima umemwacha. Kisha kamba ikavutwa, kidogo, kwa udhaifu, mara moja.

Mulumba alilia kule chini, sioni aibu kusema. Alilia huku akikata. Kipande cha mwisho kikaachia, maji yakanguruma yakamwangusha, akavuta mara tatu akiwa chini ya maji. Akavutwa kwa vishindo, kila kishindo na pumziko lake, mpaka mwanga ukamchoma macho.

Banza alikuwa ameketi kwenye ukingo wa rega, kamba ameizungusha kiunoni mwake mwenyewe mara nne. Jicho moja limefumba, damu inamtoka puani mpaka kwenye shati. Vijana watano wenye fimbo walikuwa wamemzunguka.

"Mububu amepata sauti?" mmoja akauliza. "Huyu uliyemutoa ni nani?"

"Mudogo yangu Ngoyi," Banza akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waanze kumpiga.

Kijana akamgeukia Mulumba. "We, jina yako nani?"

Na Mulumba, kichwa kimejaa hewa ya chini, aliye juu ya rega amemwuliza swali, akajibu walivyoulizana miaka ishirini na sita. "Mulumba."

Jina la Kikasai hilo! Fimbo zikapanda.

Banza akaangua kicheko. Alicheka kwa kinywa kilichopasuka, akijipiga paja. "Munamusikia? Hewa ya mu shimo imemuingia! Juzi mi nilitoka mule nikasema niko bibi yangu! Ngoyi, mutoto wa mama yangu, anasema eko Mulumba! Mumukaribie mumuulize tena, atawaambia eko Baba Mtakatifu!"

Mulumba alikuwa ananuka vibaya, na matope yanamtiririka hadi kidevuni. Kijana wa kwanza akarudi nyuma akiziba pua. Wa pili akacheka. Wakaondoka wakicheka wote watano.

Banza akafungua fundo bila kumwuliza lolote. Akamlaza ubavu, akakaa kando yake. Wala hakusema "Muzima." Mulumba aliliona hilo. Alikuwa hai, maji yalikuwa yanapita chini yao kwa sauti nzuri, na bado alijiona ameachwa katikati, kwa sababu jina lake lilikuwa limechekwa ili apone. Akampa Banza daftari kama alivyoahidi, wakaachana hivyo.

Uchafu ulishuka jioni. Siku ya tatu Tshiela aliomba uji, akapewa, akaomba mwingine, na mama Ngalula akacheka kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani. Siku ya tano treni ikaja.

Mabehewa yalikuwa ya mizigo, watu wakajazana mpaka juu ya paa. Mulumba alibanwa mlangoni, mjukuu mabegani. Firimbi ililia. Ndipo akamwona Banza akipenya katikati ya umati, jicho bado limevimba, daftari jeusi ameshika kifuani. Askari walikuwepo, vijana wenye fimbo walikuwepo, majirani waliokuja kutazama walikuwepo. Banza akasimama chini ya behewa, akapaza sauti kila mtu asikie.

"Jina yako nani?"

Mulumba akamtazama. "Mulumba!"

"Baba yako nani?"

"Tshilombo!"

Treni ikajivuta. Banza akatembea sambamba nayo, kisha akakimbia.

"Kwako ni wapi?"

"Kolwezi!" Mulumba akapiga kelele. "Kambi ya wafanyakazi! Laini ya tano! Nyumba ya kumi na ine!"

"Muzima!" Banza akajibu, akasimama, akaiacha treni iende.