Ulimi wa Mwoka Mikate

Simu iliita Mama Pacha akiwa ameshika shati la shule kwa mkono mmoja, na mwingine ukipapasa kiatu chini ya kochi.

"Mama Pacha," ilisema sauti ya mwenye kantini, bila hata salamu. "Leo umeniletea mkate au umeniletea bahari?"

"Bahari gani tena, dada?"

"Wateja wangu wa chai wameuma mara moja tu, wote wakaomba maji. Mmoja ameniuliza kama siku hizi tunauza chumvi kwa vipande. Njoo uchukue mikate yako, mpenzi. Mimi sina ugomvi na wewe, ila hii hailiki."

Mama Pacha alicheka, akidhani ni utani wa asubuhi. Kisha akagundua kwamba mwenye kantini hakuwa anacheka.

Mikate yao haikuwahi kurudishwa. Watu walikuwa wakilalamika imechelewa, ni michache, imeisha kabla foleni haijafika nusu, lakini ladha? Ladha haikuwa na mjadala, kwa sababu ya mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Ulimi. Chumba chao cha kuokea kilikuwa nyuma ya nyumba, kina tanuri la matofali, meza ndefu ya mbao iliyolainika kwa kukandiwa unga, na makopo ya mkate yaliyokuwa meusi kwa moto wa miaka. Kazi ya Ulimi ilikuwa na utaratibu wake. Anamwaga unga, anachota chumvi kwa kiganja huku macho yake yakiwa dirishani, anakanda, halafu ananyofoa tonge dogo la unga mbichi na kuliweka ulimini. Hapo anafumba macho kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Anatema, anafuta mdomo, anatoa hukumu. "Upite." Au, "Bado kidogo." Watu walikuwa wanasimama mlangoni kumtazama tu, na yeye, bila aibu, alikuwa anafumba macho muda mrefu zaidi akijua anatazamwa.

Kisha ukaja uvimbe shingoni. Akasema ni jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukabaki. Hospitali wakamwambia ni saratani ya tezi, na kwamba inatibika, ila kwa dripu za dawa kali zinazotolewa kwa zamu: unapigwa chini, unainuka, unapigwa tena. Sasa zilikuwa zimebaki dripu mbili. Daktari, mwanamama kijana asiyependa maneno mengi, alikuwa amemshika ile shingo na kumwambia, "Uvimbe unasinyaa vizuri sana. Lakini usinikatie njiani. Ukiacha sasa, hicho kidogo kilichobaki ndicho kitakachoota upya, na kikirudi kitarudi na hasira."

Kwa hiyo Mama Pacha akajifunga kibwebwe. Alfajiri yuko kwenye tanuri, asubuhi yuko njiani na kapu la mikate, baadaye yuko kwenye benchi la hospitali akiwa na chupa ya uji mapajani, jioni anafundisha mapacha kusoma huku anakoroga hamira. Mama mkwe, ambaye kila mtu alimwita Bibi, alihamia kwao na sanduku lake na maoni yake yote. Mapacha walikuwa darasa la kwanza: mmoja aliitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, mwingine aliitwa Kimya kwa sababu mwenzake hakumwachia nafasi.

Siku hiyo alirudi kutoka kantini na kapu limejaa kama lilivyotoka. Ulimi alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti chenye mto, kofia ya sufu imefunika kichwa kisicho na nywele. Alichukua mkate mmoja, akaumega, akatafuna taratibu.

"Mbona uko sawa?"

Bibi naye akamega. Uso wake ukakunjamana wote. Akakimbilia karai la vyombo.

"Mwanangu," alisema alipopata sauti, "unataka kuniua kabla ya zamu yangu?"

Ulimi aliutazama ule mkate mkononi mwake kama mtu aliyesalimiwa na mgeni kwa jina.

"Tangu lini?" Mama Pacha aliuliza.

"Tangu dripu iliyopita." Aliuweka mkate mezani. "Kila kitu kina ladha ya msumari. Nikadhani ni ya siku mbili tatu, itapita."

"Na jana ukaongeza chumvi. Mara mbili, baba watoto!"

"Siku nyingine nilikuwa nasema upite tu. Jana niliuonja, nikaona hauna kitu."

Alivua kofia, akaikunja, akaiweka mapajani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha mkewe, "Keshokutwa siendi."

"Huendi wapi?"

"Hospitali. Wamechukua nguvu, nikanyamaza. Wamechukua nywele, tukacheka. Hiki ndicho kilichokuwa kimebaki. Sasa wakimaliza dripu zao watakurudishia nini, mke wangu?"

"Watanirudishia baba wa watoto wangu."

"Baba anayefanya nini?"

Bibi alianza, "We mtoto, usinitanie na maisha yako," lakini mwanawe alikuwa amekwisha inuka, amejishikilia ukutani, anaelekea chumbani.

Mchana kutwa swali lile lilimfuata Mama Pacha. Alilisikia akifua, alilisikia akimenya viazi. Anayefanya nini? Akamkumbuka mumewe akinyanyua kapu, naye akimpokonya: "Acha, utachoka." Akamkumbuka akitaka kuwapeleka watoto shule: "Acha, jua kali." Redio alipotaka kumsimulia babaye habari za darasani, nani aliyemwambia, "Shh, baba anapumzika"? Ni yeye. Alikuwa amemvua kazi moja moja, kwa upendo wote, kama unavyomvua mtoto aliyelala nguo zake, hadi akambakiza na kile kitonge cha unga. Na sasa hata hicho hakina maana.

Alitaka kulia. Lakini mwenye kantini alikuwa amesema, "Kesho nijaribishe tena, mara moja tu," na unga haujikandi.

Jioni, jua likiwa bado dirishani, aliingia chumba cha kuokea. Unga aliujua, maji aliyajua, hamira aliijua. Chumvi je? Tangu waoane chumvi ilikuwa ya mumewe. Yeye mkono wake haujawahi kuingia kwenye lile debe. Akaenda mlangoni mwa chumba cha kulala.

"Baba watoto, chumvi unaweka kiasi gani?"

"Sijui," sauti ilijibu kutoka upande wa ukuta. "Naweka tu."

"Unaweka tu, unaweka ngapi?"

"Ningekuwa najua ningekuambia! Naweka mpaka mkono useme basi."

Ndipo akaikumbuka mizani. Shangazi yake aliwapa siku ya harusi, mizani ndogo ya jikoni yenye bakuli na mshale, na Ulimi akaitazama akasema mizani ni ya muuza nyama, ikarudishwa kwenye boksi lake. Mama Pacha aliishusha kutoka juu ya kabati, akaifuta vumbi kwa khanga yake, akaiweka mezani. Kisha akaenda kumshika mumewe mkono.

"Njoo."

"Niache nipumzike."

"Umepumzika vya kutosha. Hilo kosa ni langu, tutaligombania siku nyingine. Sasa hivi nataka mkono wako tu. Mwili mwingine unaweza kubaki kitandani ukitaka."

Redio alicheka mlangoni. Ulimi alikuja akiburuta ndala, uso umekunjwa. Aliiona mizani, akaguna. "Hiyo takataka bado ipo?"

"Chota chumvi ya debe moja la unga. Kama kawaida yako. Usionje kitu."

Alichota kwa kukasirika, akamwaga kwenye bakuli la mizani. Mshale ukaruka, ukatetemeka, ukasimama. Mama Pacha aliweka kidole pale uliposimama. Akaimwaga ile chumvi, akamwambia, "Tena."

"Ya nini?"

"Tena, bwana."

Akachota tena. Mshale ukaruka, ukatetemeka, ukaja kusimama pale pale chini ya kidole.

Ulimi aliinama kidogo. "Bahati."

"Tena, baba!" Redio alipiga kelele.

Safari hii Bibi akamfunga macho kwa kitambaa chake cha kichwa. Akachota. Mshale ukarudi nyumbani kwake. Wakamgeuza akaipa meza mgongo, achote kwa nyuma kama mwizi. Pale pale. Wakamwambia achote ya nusu debe, na mshale ukasimama nusu ya safari, sawasawa, hauzidi upana wa ukucha. Kimya, ambaye alikuwa amepanda kiti ili aone, alianza kupiga makofi peke yake, na makofi yale yakawashika wote. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe!" alisema akifuta machozi. "Miaka yote hii unatufumbia macho, unatutemea mate, tunakaa kimya kama tuko ibadani, kumbe kazi imekwishafanywa na mkono! Huo ulimi ulikuwa unautembeza tu!"

Ulimi alivua kitambaa. Alikuwa anakitazama kiganja chake, chumvi imeng'ang'ania kwenye mistari.

"Mama, usinivunjie heshima mbele ya watoto," alisema, lakini alikuwa anacheka, na ni kicheko ambacho Mama Pacha hakukisikia tangu jino lile ling'olewe. "Maana yake... jana mkono ulikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa. Wewe ndiye uliyeharibu kwa kuonja."

"Basi mimi bado..." Alivuta kiti, akakaa mbele ya beseni la unga. "Leta maji. Vuguvugu, usiniletee ya moto ukaniulia hamira."

Alikanda akiwa amekaa, anapumzika, anakanda tena. Mama Pacha alimwona anahema, mikono yake yeye ikamwasha kutaka kumpokonya lile donge. Akaifungia nyuma ya mgongo. Alipochoka kabisa alimwita mwenyewe, "Mke wangu, malizia," naye akamalizia, huku anafokewa kwamba anakanda kama anafua soksi.

Mikate ilipotoka, Bibi ndiye aliyepewa kipande cha kwanza. Alitafuna kwa makusudi polepole, akawatazama mmoja mmoja, akameza.

"Huu sasa," alisema, "ni mkate."

Kesho yake mwenye kantini hakupiga simu ya malalamiko. Alipiga kuuliza kama imebaki mingine. Na jioni ile, Mama Pacha akiwa anapiga pasi sare za shule, hajui aanzie wapi kusema lile la hospitali, mumewe alisema kutoka kwenye kochi, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Kesho tunatoka saa ngapi?"

Pasi ilibaki hewani.

"Mapema," alijibu, akiishusha pasi kwenye kola. "Na wewe ndiye utakayewavalisha watoto."

Aliwavalisha. Kimya alikwenda shule na vifungo vimepishana, upande mmoja wa kola umeelekea mbinguni, na Redio akamtangazia kila waliyepishana naye, "Ametuvalisha baba!"

Kule hospitali muuguzi aliyemtafuta mshipa aliwapigisha soga, na Ulimi, kwa kujisifu, akamsimulia habari zote za kuonja. Muuguzi akasimama na pamba mkononi.

"Unga mbichi? Na damu yako ilivyo dhaifu hivi? Baba, unatafuta kuharisha upate homa tukulaze?"

"Nilikuwa natema."

"Tema na uongo huo pia. Mbichi ni marufuku mpaka tukuambie."

"Ameshaacha, sista," alisema Mama Pacha. "Sasa hivi ni fundi wa mizani."

"Niheshimu mbele za watu," alinong'ona mumewe, na dripu ikaanza kudondoka.

Ilimpiga chini, kama zilivyompiga nyingine. Lakini siku alizokuwa kitandani aliita, "Nani anakanda? Mbona sisikii meza?" na siku alizoinuka aliketi mbele ya debe la chumvi. Iliyofuata, ya mwisho, ilikuwa ngumu kuliko zote. Alitapika, akatukana dawa, akawaomba watoto msamaha kwa matusi hayo, akalala. Hakusema tena kwamba haendi.

Kisha vikaja vipimo, na kungoja, na ile siku waliyoitwa. Daktari aliwasha taa, akabandika picha za zamani na za sasa bega kwa bega. Kwenye za zamani palikuwa na vivimbe kama kunde shingoni na kifuani. Kwenye za sasa Mama Pacha alitafuta, akatafuta, akaogopa kwamba hajui kuangalia.

"Viko wapi?" aliuliza.

"Ndiyo nakuonyesha," alisema daktari. "Havipo."

"Havipo wapi?"

"Havipo, mama. Dawa imefanya kazi. Tutaendelea kumwangalia, asinikimbie, lakini dripu zimekwisha." Na yule mwanamama asiyependa maneno mengi akasimama, akampa Ulimi mkono kwa mikono yake miwili.

Mama Pacha hakulia siku ya uvimbe, hakulia siku nywele zilipobaki kwenye mto wa kitanda. Alilia hapo, kwa sauti, kamasi na vyote, akimshika daktari mkono, akimshika mumewe, akiishika hata meza. Alipompigia Bibi simu hakuweza kutamka. Bibi alisikia kilio, akaanza kupiga yowe la msiba, mpaka Ulimi akainyakua simu: "Mama! Mama, nyamaza! Nimepona, mimi ndiye ninayeongea!" Yowe likageuka katikati ya pumzi likawa la furaha, na nyuma yake Redio akasikika akiukimbiza ujumbe ule barabarani.

Walitoka nje. Jua lilikuwa kali, watu wanapita na shughuli zao, muuza matunda anagombana na njiwa. Ulimi alichukua mkoba wa mkewe, akautundika begani kwake, ule mkoba mwekundu wenye shanga, akaanza kutembea.

"Nipe mkoba wangu, watu watakucheka," alisema Mama Pacha.

"Wacheke."

"Basi tembea taratibu. Mwenzio miguu inatetemeka."

Alisimama, akageuka, akamnyooshea mkono. "Jikaze, mama watoto," alisema. "Nina unga wa kukanda."