Bendera Tatu na Tawi la Mathenge

Nilijitakia mwenyewe. Tangu nistaafu kuendesha greda la barabara, kwa miaka minane mizima nimekuwa nikiwaambia vijana wa bodaboda wa Garsen kwamba ujanani nilikuwa mshika bendera katika mashindano makubwa ya magari, na kwamba siku moja nilisimamisha gari lililokimbia hata kivuli chake kikachelewa kufika kwa dakika nne. Ukweli ni kwamba mashindano hayo niliyaona mara moja tu, nikiwa juu ya lori la mchanga, na vumbi lenyewe likanifumba macho. Mengine niliyasoma katika kijitabu kisicho na jalada nilichokiokota gereji.

Basi chama cha bodaboda kilipoandaa mbio za pikipiki, Garsen hadi Kulesa na kurudi, mwenyekiti wao Mukhtar alikuja kwangu, hata chai hakungoja.

"Mzee Nzai, mtaalamu ni wewe. Drifti ni yako."

Drifti ni ile sakafu ya saruji, pale barabara ya udongo inaposhuka kuvuka mkondo. Mkondo wenyewe hukaa mkavu hata mbuzi wakaufanya kitanda. Lakini mvua ikinyesha huko juu, hata kama hapa jua linawaka, maji huingia bila hodi.

Mahmud, fundi cherehani, akanishonea bendera tatu. Ya njano: punguza mwendo, usimpite mwenzako. Ya njano yenye milia myekundu: njia inateleza. Nyekundu: simama. Asubuhi ya mbio Mukhtar aliwasomea waendeshaji maana zake, wote tisa, nao wakawa wanajipiga picha.

Aliyeniweka roho juu alikuwa binti mmoja, Qabale. Pikipiki nilimfundisha mimi, baada ya babake kufariki. Mamake, Kadra, alinipitia na kibuyu chake cha maziwa begani.

"Mzee Nzai, huyu ndiye mkono wangu wa kulia. Akivunjika, nitakuja kwako. Na sitakuja kusalimia."

"Dada, nikiwa pale mimi, hata nzi hatateleza."

Alinitazama kama mtu anayepima maziwa yaliyotiwa maji, akaenda zake.

Huko drifti sikuweza kutulia. Niliketi juu ya jiwe, nikainuka. Nilikunja bendera, nikazikunjua. Kila mara macho yalikwenda kaskazini, upande wa Ndera, ambako mbingu ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Halafu mbuzi wakatoka mkondoni wenyewe, bila kufukuzwa, mmoja nyuma ya mwingine. Mbuzi akihama, mtu mwenye akili haulizi sababu.

Mvua ikaja imelala ubavu. Udongo wetu mweusi ukilowa huwa sabuni juu na gundi chini. Maji yakapanda kwenye drifti, yakafika kwenye kifundo cha mguu, yakapita. Nikasikia chini ya saruji kitu kikitafunwa.

Wa kwanza kutokea alikuwa Griffin, kijana mwenye stika nyingi kuliko pikipiki. Nikaipunga ile ya milia kwa nguvu zangu zote. Akafunga breki, akateremsha mguu, akajifuta uso.

"Wapi, mzee? Kulesa?"

"Griffin! Uko mashindanoni, mwanangu!"

"Lo! Mkono umefunga breki wenyewe. Nimeona mtu anapunga kitambaa, nikajua abiria."

Kabla sijamkamata shati, akaingia majini. Yalimfika magotini. Pikipiki ilikohoa, ikapanda ng'ambo, akapotea. Nyuma yake ukingo wa saruji ukang'oka na kuzama.

Nikasimama hapo mdomo wazi, mvua ikiingia. Miaka yote hiyo ya kusoma rangi, na hawa watoto kwao mtu wa kando ya njia anayepunga kitambaa ni mteja! Na mwenye haraka hana haja na mteja.

Nikapanda mteremko. Kwa mbali uwandani niliona taa zinakuja, zimefuatana, na ya mbele niliijua kwa mlio. Ilikuwa ya Qabale. Nikainua nyekundu. Imelowa, imejizungusha kwenye fimbo kama nguo ya mgonjwa. Taa ile ikawakawaka mara mbili, ishara yao bodaboda ya kusema sina nafasi. Hakupunguza hata chembe.

Ndipo nikaitupa bendera, nikaukimbilia mti wa mathenge.

Lori likiharibika huku kwetu, dereva haweki pembetatu ya duka. Anakata matawi na kuyalaza njiani, na kila apitaye anajua mbele kuna kitu. Yakiwa ya mathenge, anajua zaidi, maana mwiba wake unatoboa tairi na kiatu pamoja. Panga sikuwa nalo. Nilivunja kwa mikono, nikavuta kwa mikono, nikalaza mafungu matatu yaliyoachana, jinsi utingo wanavyofanya. La tatu nililiweka huku mlio wa pikipiki uko kichwani mwangu.

Qabale aliona fungu la kwanza akaachia mafuta. Gurudumu la nyuma likataka kulipita la mbele. Akaserereka, akapinda, akapita pembeni ya la pili, akasimama kwenye la tatu, tairi ikinusa miiba. Nyuma yake wengine wakasimama, wawili wakalala polepole matopeni kama ng'ombe walioshiba.

"Babu! Umenitegea miiba? Nilikuwa namkamata Griffin!"

"Bendera hukuiona?"

"Niliiona. Nikasema ni vituko vyako vya kila siku."

Nikamwonyesha drifti kwa mkono. Akageuka, na wakati ule ule sakafu yote ya drifti ikainama, ikaenda na maji kwa kishindo cha mlango wa lori.

Qabale akavua kofia. Kutoka ng'ambo tukasikia sauti ya Griffin, ambaye alikuwa amerudi kutazama:

"Mzee Nzai! Bado unakwenda Kulesa?"

Mukhtar alimpa Griffin ushindi, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyevuka. Qabale aliisukuma pikipiki hadi kwao bila kuniaga.

Jioni nilimwona Kadra anakuja, binti nyuma yake. Nikatafuta mlango wa pili. Nyumba yangu ina mmoja. Akaketi kwenye kigoda, akachomoa pini kwenye mtandio wake, akampa bintiye.

"Mshike babu yako mkono. Umtoe miiba."

Qabale akaanza, bila huruma.

"Dada Kadra," nikasema, "matawi yale yalikuwa mia mbili, na nyuma ya mti kulikuwa na simba—"

"Mzee Nzai. Nimeambiwa yaliyotokea. Yanatosha. Usiyatie chumvi, yataharibika."

Mvua ikaanza tena juu ya bati. Nikainuka nichungulie upande wa drifti, Qabale akanivuta kidole.

"Kaa, babu. Mukhtar ameweka vijana huko wazuie watu."

"Wameweka bendera?"

"Wameweka mathenge."