Uchaguzi Mdogo wa Chama cha Mazishi

Mume wangu Yusufu ana ugonjwa wa uadilifu, na aliyemwambukiza ni mzee Willem.

Mzee huyo, Mbelgiji aliyefundisha historia Bujumbura kabla ya kustaafu na kurudi kwao huku Uccle, alimweleza kwamba Uingereza, mwanzoni mwa karne ya ishirini, mbunge akipewa uwaziri alipoteza kiti chake. Ilimbidi arudi kwa wapigakura katika uchaguzi mdogo, awaulize kama bado wanamtaka. Wengine waliuliza wakajibiwa hapana.

Basi mwaka tisini na sita, kamati ya chama chetu cha mazishi, sisi watu wa Bujumbura, ikamteua Yusufu kutoka ujumbe wa kawaida awe mwenyekiti. Mwingine angeshukuru Mungu. Yeye akajiuzulu, akatangaza uchaguzi mdogo, na atakayeshinda ndiye mwenyekiti. Kassimu, rafiki yake tangu utotoni, akasema atagombea.

Niliwaka. Nilimkumbusha kwamba kura za mwisho tulizopiga nyumbani, mwaka tisini na tatu, tulizipiga kwa vigelegele, na mwaka haukwisha aliyeshinda akauawa, vita vikazuka, tukawa tunamzika kaka yangu. Chama hiki kikivunjika, nani atatuzika sisi huku ugenini? Akajibu kwamba cheo asichokiombea kura kinamwasha mwilini. Ungedhani kazaliwa London.

Jumapili ya kura nilifanya kama tulivyokuwa tukifanya kule siku za hatari. Niliwapeleka watoto Auderghem kwa rafiki yangu Claudine, Mkongomani, pamoja na begi la pasipoti na nguo za kubadilisha. Claudine alilitazama lile begi, akawaingiza watoto ndani.

Ukumbi wetu wa Koekelberg ulijaa. Kila mtu alidondosha punje moja ya haragwe ndani ya birika la chai, nyeupe kwa Yusufu, nyekundu kwa Kassimu. Nilikaa karibu na mlango, koti sijavua. Maharagwe yalipomwagwa mezani, hakukuwa na haja ya kuhesabu. Meza ilikuwa nyekundu.

Nikashika kitasa cha mlango. Yusufu akainuka, akamwendea Kassimu.

"Bon, Kassimu," akasema, "batu bamesema. Mwenyekiti ni weye. Donc, utuambie kazi."

Kassimu alimkumbatia, akasema watu wana kiu na vikombe ni vichafu. Ukumbi mzima ukacheka, na mama mmoja akayazoa maharagwe yote kwenye khanga yake, akisema chakula hakitupwi. Nilikaa palepale chini nikalia kwa nafuu niliyokuwa sijaipata tangu tuondoke nyumbani, na sikuona haya.

Jioni Claudine alinifungulia mlango.

"Alors, nani alishinda?"

"Kassimu."

Macho yake yakaenda kwenye lile begi, bado liko pale pale nilipoliacha. Akashusha sauti ili watoto wasisikie.

"Na papa wa watoto, iko wapi?"

"Iko anaosha vikombe," nikamwambia.