Safu ya Tatu

Hedwiga alifungua ripoti saa tatu kasoro robo asubuhi, ikinukia wino mbichi, akaenda moja kwa moja kwenye Jedwali la Nne. Safu ya tatu haikuwepo.

Safu hiyo ilimgharimu wiki saba za kutembea nyumba kwa nyumba katika kata ya Mbaha na vijiji vya jirani kando ya ziwa. Kati ya kaya 212 za Kikristo alizozihoji kwa niaba ya taasisi ya utafiti ya Kikatoliki pale Mbinga, 58 zilijibu kwamba ni za Kikatoliki na za Kianglikana kwa pamoja. Hazikuchanganyikiwa. Mtoto wa kwanza hubatizwa katika kanisa la baba, wa pili la mama, na Jumapili nyumba nzima husali kwa zamu, wiki hii huku, wiki ijayo kule. Mama mmoja, Siwema, alipomwona anasita na fomu yenye visanduku viwili tu, alimcheka waziwazi.

"Tia alama pote, mwanangu. Au kalamu yako nayo imebatizwa upande mmoja?"

Sasa kaya zote 58 zilikuwa zimegawanywa kufuata dhehebu la mume.

Alimkuta mkurugenzi, Padre Adrian, ukumbini akipanga viti vya wageni wa uzinduzi wa ripoti.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele amina. Mbona uso umekunjamana?"

"Nani amefuta safu ya tatu?"

"Mimi." Hakuficha. "Ni uhariri tu, Hedwiga. Mtu ana dhehebu moja. Hao hawakuelewa swali."

"Niliwauliza mara mbili. Wasioelewa ni sisi tulioandika fomu."

"Wanakuja watu wa parokia zote. Niwaambie robo ya watu wa ziwani wanasali kotekote?"

"Hapana, Padre. Ni asilimia ishirini na saba. Imezidi robo."

Padre alicheka bila kupenda. "Mkataba wako unaisha mwezi wa sita. Nitakuteteaje?"

"Usinitetee. Ondoa jina langu kwenye jalada."

"Nakala themanini zimeshachapwa."

"Basi mwenye jina atawasomea wageni mwenyewe."

Saa nne ukumbi ulijaa mapadre, masista na makatekista. Hedwiga alisimama mbele, hakuisoma hotuba aliyoandaliwa.

"Fungueni ukurasa wa kumi na tisa. Jedwali la Nne lina kosa. Chukueni kalamu."

Padre Adrian alikohoa katika mstari wa mbele. Hedwiga aliendelea kwa sauti ileile.

"Wakatoliki, futeni 131, andikeni 97. Waanglikana, futeni 81, andikeni 57. Choreni safu ya tatu, iiteni Yote Mawili. Andikeni 58."

Hakuna aliyegusa karatasi. Ndipo akanyanyuka Ladislaus, katekista wa miaka mingi kutoka ziwani.

"Dada, nyumba yangu imo humo?"

"Shikamoo, Mwalimu. Utafiti hautaji majina."

"Marahaba. Basi nataja mimi. Imo." Akaketi, akamgeukia sista aliyekuwa jirani yake. "Niazime kalamu, Sista."

Mtu alicheka nyuma. Kisha karatasi zikaanza kufunuliwa, mstari baada ya mstari.

"Hedwiga," Padre Adrian alisema kwa sauti ya chini, "tutazungumza."

"Ndiyo, Padre. Sasa ukurasa wa ishirini."