Maji ya Mwezi wa Nne

Je, mto ambao haujawahi kupanda mwezi wa nne unaweza kupanda leo? Viengkeo aliutazama ujiti wenye kibendera cha karatasi aliouchomeka ukingoni walipofika, wakati pale palikuwa pakavu. Sasa maji yalikuwa yameumeza nusu.

Tangu asubuhi alikuwa akimtembeza bibi yake, Thongsy, aliyeshuka kutoka milimani kuuona mji wa Luang Prabang kwa mara ya kwanza. Walizuru hekalu la kale penye makutano ya mito, wakapanda ngazi za kilima cha Phousi hadi bibi alipogoma katikati, akicheka. Mchana walivuka mto Mekong kwenda kwenye fungu la mchanga, ambako kila Mwaka Mpya wa huko, unaoangukia mwezi wa nne, watu hujenga minara midogo ya mchanga ili kujichumia thawabu. Mnara wa bibi ulikuwa kwa ajili ya babu, aliyefariki wakati wa mvua.

"Mjomba Bounlap, maji yanapanda," Viengkeo alimwambia mwenye boti aliyewavusha.

"Binti, mwezi huu mto umelala fofofo. Miaka thelathini niko nao."

"Bwawa la huko juu halijui miezi. Wakifungua milango je?"

"Wasomi bwana!" Bounlap alimmwagia kopo la maji kichwani, kama ilivyo desturi ya sikukuu. "Haya, umeshalowa. Unaogopa nini tena?"

Viengkeo hakucheka. Kati yao na boti, mahali walipopita kwa miguu mikavu, mkondo wa maji ya kahawia ulikuwa umejipenyeza, ukiburuta majani mabichi. Alipogeuka tena, ujiti haukuwapo.

"Bibi, twende."

"Bado ndoo tatu tu. Mnara hauachwi bila kilele, mjukuu wangu. Unataka babu yako aniite mvivu hata huko aliko?"

Viengkeo alilijua hilo: thawabu ya mnara ulioachwa nusu ni thawabu iliyokatika. Alijua pia kwamba bibi yake hakuwahi kujifunza kuogelea. Bounlap aliingia kwenye mkondo kwenda kuiangalia kamba ya boti, na maji yakamfika magotini. Tabasamu likamfutika usoni.

"Mwezi wa nne?" alinong'ona, kana kwamba mtu aliyemwamini maisha yake yote amemgeuka.

Viengkeo alimpokonya bibi ndoo. Alipaza sauti ili hata watu wengine waliokuwa wakijenga kando yao wasikie.

"Bibi, hatumalizi. Tunaondoka sasa hivi, nami nitakubeba mgongoni. Mjomba, washa injini. Na nyinyi nyote, acheni minara mje botini. Kama ni dhambi, nitaibeba mimi."